Mengineyo

Barua ilikuwa na mistari mitatu.
Ilipitishwa kwenye tundu la lango, Ijumaa,
na askari aliyezoea kumtania kila asubuhi
na ambaye siku hiyo alitazama viatu vyake mwenyewe.
Miaka kumi na tisa ya tanuri, mistari mitatu,
na mmoja wao ni tarehe.

Othieno hakusema kitu. Alivua buti,
akaziacha nje ya mlango zikiielekea barabara.
Jumatatu king'ora cha kiwanda kililia saa kumi na mbili.
Akaamka, akakaa kitandani, akakisikiliza
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa
na kumbe anaitwa mwingine.

Mimi ndiye niliyekwenda mjini. Yeye alisema,
"Wataniuliza nini ambacho barua haijasema?"
Nikafunga kitambulisho chake kwenye pindo la leso,
nikamwachia Akongo beseni la mandazi,
nikatembea kutoka Walukuba kwa miguu,
maana nauli ya bodaboda ni kilo ya posho.

Ofisi ya mfuko wa wafanyakazi ina feni moja
nayo inamjua karani peke yake.
Fomu ni ya Kiingereza. Nabirye wa Bugembe,
tuliyebanana naye benchi, hakupelekwa shule,
basi nikaisoma kwa sauti, kwa Kiswahili chetu
cha foleni ya bomba:
Sababu ya dai. Tia alama.
Kifo.
Ulemavu.
Uzee.
"Na aliye hai," Nabirye akauliza, "mzima,
wa miaka arobaini na mitatu?"
Chini kabisa: Mengineyo.
Halafu nukta nukta, urefu wa kidole changu cha shahada.

Niandike nini kwenye kidole?
Kwamba Obbo amerudishwa na shule, na sanduku lake?
Kwamba mwenye nyumba siku hizi anabisha hodi kwa ufunguo?
Kwamba mume wangu ameanza kupanga vijiko
kwa ukubwa, kila siku, upya?
Nikaandika: kazi imeisha.
Zikabaki nukta nne.

Palipo na neno mtegemezi walitaka jina langu.
Kalamu ikasita. Mimi niliyekaanga unga
mwezi ule mshahara ulipochelewa, na ule wa kabla yake.
Nguzo mbili zikiegemeana, mtegemezi ni ipi?
Nikajiandika, kwa herufi kubwa, kama walivyoagiza.

Karani akalinganisha picha: ya kitambulisho,
na hii tuliyopiga juzi, yenye pazia la bluu.
"Huyu si yule," akasema. "Huyu ana nyusi."

Nikacheka. Humo humo ofisini, mbele za watu.
Tanuri lilikuwa linazila, ndugu karani.
Mimi nilikwishazisahau, watoto hawajawahi kuziona.
Sasa ni wiki tano moto haujamgusa usoni,
na zinaota, ya kushoto ikitangulia,
nyeusi, na unywele mmoja mweupe
ambao sijui ulikuwa umejificha wapi.
Hilo nalo lina fomu?

Akaandika kitu pembeni kwa penseli.
Akanipa kipande cha karatasi chenye namba.
"Rudi Jumatano."
"Jumatano ipi?"
"Jumatano."

Nyumbani akauliza, "Wamekubali?"
Nikamwambia asogeze uso dirishani.
Nikapitisha kidole, kile kile cha nukta nukta,
juu ya jicho la kushoto, kisha la kulia,
taratibu, kama ninayesoma.
"Wanasema si wewe," nikamwambia.

Nilipotoka kumwaga maji niliziona buti.
Mtu alikuwa amezigeuza.
Zilikuwa zinatazama ndani.