Hayazoleki

Tangi la kwanza tulilifukua Jumanne
kabla kahawa haijapoa.
Lilikuwa limelala ubavu, lina matundu ya kutu
ambayo kidole cha mtoto kingepita.
La pili halikuwa tangi tena,
ganda tu, kama la yai,
na kilichototolewa kilikwisha kwenda zake
chini kwa chini, miaka na miaka,
bila haraka, kikiufuata mteremko wa mto:
chini ya shule ya chekechea,
chini ya kitanda cha shangazi yangu.

Mimi niko juu ya katapila. Kazi yangu kuchota.
Annika, binti wa maabara kutoka Billings,
anachomeka kipimo chake katika kila ndoo
kinuse kwa niaba yetu.
Kinalia. Nachota tena. Kinalia.
Udongo una rangi ya kijivu yenye ukijani,
rangi ambayo Montana haikuumbiwa.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hakupewa katapila,
hakupata barua yenye mihuri mitatu:
zoeni, nusu ya gharama tutalipa.

Hapa alikaa Halvorsen
na kofia yake ya manyoya na daftari la mikopo.
Wazungu wa mjini walijaza, wakapunga mkono, wakaenda.
Sisi tulilipa kwanza, ndipo pampu ikafunguliwa.
Shangazi Arlys alipanga sarafu juu ya kaunta,
za galoni mbili, kumfikisha bibi hospitali,
na moja pembeni, ya pipi yangu ya mdalasini.
Sitadanganya: harufu ile niliipenda.
Nilisimama karibu na pampu nikaivuta hadi kifuani.
Nilidhani ndiyo harufu ya kuondoka.

Alipofunga, alichukua rejista, akachukua taa za bango,
hata kitasa cha mlango wa choo.
Matangi akatuachia.

"Nyumba inanuka Halvorsen," shangazi alisema
baridi ya kwanza ilipoingia, tukafunga madirisha.
Wakamwambia ni tanuri. Akabadilisha tanuri.
Wakamwambia ni tanuri jipya.
Basi akanunua daftari, naye pia,
akaanza kumwandikia deni:
*tarehe tisa, kichwa. Tarehe kumi, kichwa, na paka hataki kushuka chini.*
Madaftari kumi na moja.
Aliyasoma mbele ya baraza la kabila, siku baada ya siku,
mpaka mwenyekiti akavua miwani
na hakuna aliyeuliza zimebaki kurasa ngapi.

Chini ya chekechea katapila haifiki.
Huko watatoboa visima, watanyonya mvuke,
miaka kumi na miwili, anasema Annika,
halafu anaangalia viatu vyake: labda kumi na mitano.
Watoto wamehamishiwa ukumbi wa bingo.
Wanajifunza kuhesabu kwa mipira.

Alhamisi kipimo kikanyamaza.
Shimo likabaki linatutazama, refu kuliko nyumba,
na malori yakaanza kuja na udongo safi,
wenye cheti, kutoka shamba la Pruitt ng'ambo ya uzio.
Shangazi akaomba kuona karatasi.
Yeye husoma kila karatasi.
Kidole chake kikatembea hadi namba ya kiwanja, kikasimama.

"Hiki ni cha babu," akasema.
Kilinadiwa kwa deni la kodi ya mwaka mmoja,
kabla mama yake hajazaliwa.
Sasa tunakinunua kwa tani,
na usafirishaji juu yetu.

Alicheka. Alicheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi Annika akamletea maji ya chupa.
Kisha akaja kwenye ngazi ya katapila,
akagonga chuma mara mbili kwa pete yake,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

"Dion," akasema, "umwage taratibu."

Nikapunguza injini.
Nikaushusha mkono wa katapila mpaka karibu kabisa na chini,
nikaumwaga.