Mfua Jezi

Miaka kumi na mitatu nimefua jezi za Kozi wa Maweni.
Niletee moja gizani, namba imebanduka,
nitakwambia ni ya nani.
Ya Ngumbao ina damu kwenye kola,
pua yake na mpira wa juu hawajawahi kupatana.
Ya kipa, Shebwana, ni nyekundu viwikoni:
udongo ule haumwogopi mwenye sabuni ya kipande,
unataka ndimu, na jua la saa sita.
Ya Kitsao haina kitu.
Kitsao hukimbia mbali na mpira, Mungu amsamehe.

Jezi zile tulizinunua kwa bakuli.
Muuza viazi karai alitia hamsini.
Bodaboda wa stendi, mia mia.
Imamu alitia.
Mchungaji akauliza imamu katia ngapi, ndipo akatia.
Mimi nilitia mikono.

Kisha akaja Bwana Ottavio, mwenye hoteli ya Perla,
akainunua timu mchana mmoja,
kati ya kikombe cha kahawa na kikombe cha kahawa.
Aliyeuza ni mwenyekiti.
Mwenyekiti alikuwa na muhuri;
sisi tulikuwa na timu tu.

Sitasema uongo.
Mshahara wangu sasa huingia kwa simu, tarehe tano, kabla ya jogoo.
Goti la Ngumbao limetengenezwa Mombasa.
Na bomba la maji matamu limefika hadi chumba cha kufulia.
Siku nilipolifungua nililia,
maana kisima chetu kina chumvi, povu halitoki,
miaka yote ile nilikuwa nafua kwa ubishi.

Lakini mimi ni mtu wa madoa.
Jezi mpya ni nyeupe. Kozi hayupo tena kifuani.
Pana lulu ndogo, na chini yake jina la kampuni
iliyozungusha ua ufuo wa Kwa Dzombo,
alikokuwa dada yangu Nyevu
na mikorosho kumi na minne, na makaburi mawili.
Nyevu alipewa siku saba.
Makaburi hayakupewa siku.

Barazani wanabishana hadi kahawa inapoa.
Huyu anasema: mgeni hana uchungu.
Yule anasema: na matajiri wetu, ni malaika?
Kweli. Mwenyekiti kitovu chake kimezikwa hapa hapa,
na alituuza kwa Kiswahili safi.

Jumapili uwanja ulifurika.
Ottavio alisimama jukwaani na kofia ya ukindu,
watoto wakimwita kwa jina, kama mjomba.
Dakika ya themanini na kitu, Kitsao,
Kitsao huyo huyo,
akafunga!
Niliruka. Niliruka hadi leso ikaanguka,
nikageuka nimkumbatie aliye karibu,
nikakuta ni Nyevu.
Naye alikuwa hewani.

Tuliposhuka tukatazamana.
Hakusema kitu. Aliinama,
akaiokota leso yangu, akaikung'uta vumbi,
mara moja zaidi ya ilivyohitaji.

Nawaambia ninachokijua, kingine waulizeni wasomi:
doa ukilifutia nguo nyingine
halijatoka. Limehama.
Mtu akiwa na jina chafu na fedha nyingi
atatafuta kitambaa kinachopendwa.

Leo Jumatatu. Nimezihesabu ishirini na mbili.
Nimeloweka, nimesugua, nimesuuza kwa maji matamu,
maji yake, sikatai.
Nazianika ndani nje.
Meneja akiuliza, nasema jua lisipaushe jina la kampuni,
naye huniita mwanamke makini.

Upepo ukizijaza, zinasimama kambani kama watu.
Kwa upande huu jina halisomeki,
na lulu
ni fundo la nyuzi tu, miisho inaning'inia,
hata fundi hakujali kuikata.