Upungufu

Mkunga wa Kouaoua ameandika neno moja
kwenye kadi yangu: upungufu.
Miezi sita ya mimba, na damu yangu, asema,
imekuwa kama chai ya majani yaliyorudiwa.
Chuma, mama. Huna chuma.

Nilicheka, akadhani sikumwelewa.

Chuma?
Njoo uone shuka nilizoanika jana.
Zilitoka beseni nyeupe, zimekauka nyekundu.
Mlima wote unatuhamia na upepo:
umo sufuriani, umo masikioni mwa mbwa,
umo kwenye mikunjo ya shingo ya Ignace
arudipo alfajiri na lori la nikeli
limemwachia mtetemo mikononi,
kikombe kinagonga meno yake.
Mvua ikinyesha, mto unapita na kutu
hadi kwenye matumbawe, samaki hawaonani.
Tunalalia chuma. Tunapiga chafya ya chuma.
Na mpungufu ni mimi.

Alinipa vidonge thelathini.
Vina ladha ya sarafu iliyonyonywa na mtoto.
Choo kimekuwa cheusi, tumbo gumu.
Sikumwambia jambo moja:
kwamba usiku Ignace akiwa zamu
natoka uani, nakwangua ukingo wa njia,
naweka udongo mwekundu chini ya ulimi
na unanituliza
kama jina la mtu niliyempenda kabla yake.

Kaka yangu Téin ndiye aliyenikamata.
Aliona ulimi.
Hakunigombeza. Yeye hupanda miche
pale kampuni ilipomaliza kuchimba,
miche elfu, inashika mia mbili,
hivyo amezoea kusubiri kabla ya kusema.
Jumapili akanipandisha hadi msitu uliobaki,
tukipumzika kila hatua thelathini,
akatia ncha ya kisu kwenye gome la mti.

Ukatoka utomvu wa buluu.
Si buluu ya mbingu. Ya mrututu,
ya shaba iliyosahauliwa mvuani.
Nikeli, akasema. Ileile anayobeba shemeji.
Udongo huu unaua mahindi, unaua maharage,
huu mti unaunywa na kuuweka ganzini,
mdudu akiuma, anajuta.

Nikagusa. Kidole kikabaki na rangi.

Akaniambia na mengine, tumekaa kwenye mizizi:
kwamba pweza niliyemnunua Ijumaa
damu yake ni ya shaba, ndiyo maana ya ubuluu ule;
kwamba jani na damu ni ndugu wa tumbo moja,
wamejenga nyumba kwa ramani ileile,
ila katikati, penye kiti,
kwetu amekaa chuma, kwa jani magnesi.
Chembe moja tu. Ukimwinua kitini,
nyumba nzima haina mwenyewe.

Basi mbona mlima haunitoshi? nikamuuliza.
Kwa sababu umefungwa, dada,
umefungwa na kutu, na tumbo lako halina ufunguo.
Unakula kufuli.
Huu mti umejifunza miaka isiyohesabika.
Wewe imekubakia miezi mitatu.

Kwetu damu ya mtoto hutoka kwa mjomba.
Ndiye atakayempulizia sikioni siku ya kwanza,
Téin huyu, mwenye udongo kwenye kucha,
mwenye pumzi inayokatika akipanda kilima
kwa vumbi lilelile.
Nilimtazama akiziba jeraha la mti kwa kidole gumba,
polepole, kama anayemwomba radhi,
nikawaza ni nini hasa atakachompulizia mwanangu,
na kama sikio changa linajua kuchagua.

Usiku nilimeza kidonge na maji ya ndimu,
ndimu hufungua mlango, amesema mkunga.
Ignace alikuwa kazini. Njia ilikuwa palepale.
Nikatoka hadi ukingoni,
nikasimama,
mate yamejaa mdomo.

Shuka bado zilikuwa kambani.
Nikaziingiza ndani hivyohivyo, nyekundu,
nikalala.