Chupa ya Pili

Mwaka huu nimemchambua samaki wako miiba
kabla sijakumbuka.
Mkono ulikwenda wenyewe: mgongoni, ubavuni,
mwiba mmoja mmoja ukingoni mwa sahani,
kwa sababu wewe, Mkrtich, fundi saa,
uliyeshika magurudumu madogo kuliko chawa,
hukuwahi kuwa na subira na samaki.

Pilau ya zabibu ikapoa. Spinachi ikapoa.
Nje, Gyumri ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Jirani Aghavni akabisha hodi na kisahani cha tini kavu,
akaiona sahani ya pili mezani,
akajifanya hakuiona.
Mungu ambariki kwa upofu wake.

Asubuhi ya tarehe sita nikaenda kanisani.
Kwetu Mtoto huzaliwa na kubatizwa siku hiyohiyo,
hatuna muda wa kupoteza.
Padri akauzamisha msalaba majini,
mafuta matakatifu yakaelea,
watu wakasukumana na chupa zao,
nami nikajikuta nimebeba mbili.

Ya pili ni yako.
Ulikuwa ukinywa nusu, ukifuta masharubu,
na matone matatu ukiyatia kwenye rejeta ya Niva:
"Naye abatizwe, huenda ataacha kukohoa."
Nikakwambia unakufuru.
Ukasema Mungu ni fundi mwenzako, anakuelewa.

"Msihuzunike kama wasio na matumaini,"
tulisomewa Oktoba, siku ya udongo.
Sikuhuzunika kama wao.
Mimi nalia kama mwenye tumaini,
na kilio hiki ndicho kirefu,
maana asiye nalo hulia akamaliza.
Mimi bado nasikiliza mlango.

Leo ni siku ya wafu, kesho yake Krismasi.
Makaburini ubani unapanda wima, hakuna upepo.
Waliokuchora kwenye jiwe
wamekuvalisha tai usiyowahi kuivaa.
Nimekufuta theluji usoni kwa glavu,
nikakusalimu kama tunavyosalimiana siku hizi:
"Kristo amezaliwa, amedhihirika."

Nikangoja.
Jibu unalijua. Ulikuwa ukilitoa mdomo umejaa mkate.
Nikangoja kama mtu aliyepiga simu,
ikaita, ikaita.

Kaburi la tatu, mwanamume nisiyemjua,
akishindana na kiberiti,
akasema bila kugeuka:
"Heri kwetu sisi, heri kwenu ninyi."

Kwenu. Ninyi.
Sijui kama alimaanisha wingi.
Nimeupokea hivyohivyo.

Kisha nikaitoa chupa yako kifuani,
nilikoificha ndani ya koti isigande.
Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema,
na hilo nimelijua tangu Oktoba,
tangu bakuli la supu lilipokuponyoka jikoni
nawe ukalifuata.
Nikayamwaga juu ya jina lako
(Mbatizaji, ndiyo maana yake),
yakakimbia ndani ya herufi,
yakapunguza mwendo,
yakasimama.

Nikaingiza ukucha pembeni.
Yakanyanyuka:
kipande chembamba kama kioo cha saa,
na nyuma yake zimejitokeza, kinyumenyume,
herufi mbili zako.

Nimeyazoa, Mkrtich.
Nimeyashika mpaka vidole vikafa ganzi.

Bwana, siombi unieleze.
Ulizaliwa ugenini, ukalazwa penye baridi,
ukasimama mtoni maji yakikufika kiunoni;
unajua maji hufanya nini.
Mimi sijui. Nimeona kipande tu.

Matone matatu niliyabakiza.
Nikaitilia Niva, nikawasha.
Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikakataa.
Nikakaa humo nikicheka peke yangu,
mwaka mpya huu mara ya kwanza,
barafu ikianza kunilowesha kiganja,
mpaka yule mwanamume akaacha kiberiti chake,
akaja kunisukuma.