Ngazi ya Tatu

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani,
akasema: pingili mbili zimegombana, nenda yoga.
Nikaenda. Al Khuwair, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
riali thelathini na tano kwa mwezi, mkeka mbali.

Mwalimu Desislava anasema vuta, anasema shusha, anasema achilia.
Tunaachilia: mke wa mwenye benki, binti wa kampuni ya mafuta,
na mimi, Zuwena wa Idara ya Wafanyakazi,
makalio juu, kichwa chini, kama mbuzi anayekunywa.
Kiyoyozi kinanguruma kuishinda filimbi ya kwenye spika.
Kaka yangu aliuliza kama ni halali.
Nikamwambia paji langu laijua sakafu tangu nina miaka saba;
kilichobaki ni nyonga.

Mwezi wa pili maumivu yakashuka, nikaanza kujisifu.
Nikanunua suruali za kubana. Nikajipiga picha.
Nikawa nafika kazini saa kumi na mbili na nusu, kabla ya joto,
na siku hiyo nikamkuta Velayudhan chumba cha chai,
miaka sitini na moja, kati ya jiko na mabomba,
kakalia boksi la maziwa ya unga lililokunjuliwa,
macho nusu, birika bado baridi.
Hakujikunja, hakujinyoosha. Alikaa tu,
kama maji yaliyosahauliwa ndooni.

Na wewe yoga? nikamuuliza,
kwa kile Kiarabu chetu cha ofisini kisicho na vitenzi.
Akacheka. Akasema baba yake huko Palakkad
alilimia mpunga kwa ng'ombe wawili,
na ule mti uliowaunga shingo kwa shingo wasivutane,
neno ni hilo hilo, madamu.
Ng'ombe mmoja pumzi, mmoja nia.
Akahesabu vidole. Ngazi ziko nane.
Huko kukunja mwili kwako ni ya tatu.

Ya kwanza je?

Akapangusa kaunta.
Usidhuru. Usiseme uwongo. Usishike kisicho chako.

Na ya pili?

Usafi, na kuridhika, akasema,
akageuka kuosha vikombe vyetu.

Nira.
Sisi tuliorudi kutoka Unguja tulilileta neno hilo sandukuni
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi; hapa Maskati halina kazi.
Lakini lina ndugu yake, kongwa,
lisilotajwa kwetu mbele ya wageni.
Hilo nalo huunga shingo kwa shingo.
Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi
wazee wetu walishika upande gani wa mti huo.
Bibi akaagiza tambuu.

Droo ya chini, kushoto, ufunguo kwenye mkufu wangu:
pasipoti mia moja na kumi na tatu.
Kwa usalama wenu, tunawaambia.
Yake ni buluu iliyoiva, kona imeliwa,
na pichani nywele bado nyeusi.
Aliiomba mwezi wa Machi, mkewe yu hospitali.
Nilimwambia subiri meneja arudi safari.
Meneja alikuwa chumba cha pili, anakula sambusa.

Jioni nikapanda tena ghorofa ya tatu.
Achilia mabega, akasema Desislava.
Achilia taya. Achilia vidole.
Vidole vikagoma.
Kiganja kilikuwa kimejifumba juu ya mkeka
kimebana ufunguo
niliokataa kuuacha kabatini pamoja na viatu.
Pumua, Zuwena, akasema. Pumua.
Kana kwamba kilichopungua chumba kile ni hewa.

Asubuhi niliwahi, birika bado halijaimba.
Nilisimama mlangoni mpaka akafumbua macho.
Mkononi nilikuwa na kijitabu kimoja. Kimoja tu.
Mia na kumi na viwili vilibaki droo ya chini, kushoto,
na mgongo ukaanza tena kuuma,
pale pale.