Kwa Nini ya Tano

Bi Nyevu Chirau alikuja na kalamu nne za rangi
na ubao mweupe, akauegemeza kwenye magunia ya ngano.
Akachora msalaba.
Ami Twahir akakohoa.
"Si huo," akasema, "ni vyumba vinne tu."
Nguvu. Udhaifu. Fursa. Vitisho.
Sisi wa boflo tukaambiwa tuvijaze.

Kwenye nguvu tuliandika jina,
na tanuri la babu, lisilolala ila Idi mbili,
na harufu: Bondeni nzima yatujua kwa pua.
Kwenye fursa kuna aliyetaja shule mpya za Mtwapa,
kuna aliyetaja boflo ya brauni, ya wenye sukari.
Vitisho vikafurika nje ya mstari:
bei ya ngano, stima, foleni ya feri,
mikate ya supamaketi iliyokwisha katwa,
na mahamri.
"Mahamri?"
"Ndiyo, mama," Kibwana dereva akajibu.
"Mahamri na mbaazi. Saa kumi na mbili na nusu
yamekwisha kutuzika."

Udhaifu kikabaki cheupe.
Tulikitazama kama mtu atazamavyo deni la jirani.

Mimi ndimi karani. Tarakimu ninazo:
boflo mia mbili na kumi na nne
hurudi kila siku, ngumu kama kandambili,
tukazisaga, tukawauzia wafuga kuku wa Kisauni.
Nikainua mkono, nikasoma.
Bi Nyevu hakuandika. Akauliza: kwa nini?

Kwa sababu zafika madukani watu wamekwisha kunywa chai.
Kwa nini?
Gari huondoka saa moja na nusu, si saa kumi na moja.
("Mimi niko hapa tangu usiku," Kibwana akasema,
"nimelalia usukani.")
Kwa nini?
Unga hukandwa kumekucha.
Kwa nini?
Stoo huifungua Ami mwenyewe, akisha kuswali alfajiri,
akishuka ngazi moja moja na lile goti lake,
ufunguo kaufunga pembeni mwa kikoi,
na wakandaji wameketi juu ya meza, mikono mikavu.

"Na kwa nini," akauliza, sauti ile ile,
kama mgeni aulizaye njia ya posta,
"ufunguo ni mmoja?"

Hapo ndipo tuliposikia kumbe feni ina kelele.
Wote wakatazama kila mahali ila nilipokaa.
Kibwana akasoma maandishi ya gunia, mbele na nyuma.
Maana mwaka wa ile mvua kubwa ufunguo ulikuwa na pacha,
na pacha alikaa mfukoni mwa Badi, ndugu yake Ami,
na magunia sitini yalitoka usiku bila kuandikwa,
na Badi hakuonekana tena kisiwani.

Mimi ni Muniya binti Badi.
Miaka kumi na tisa nimeandika vitabu vya nyumba hii,
haijapotea hata thumni,
kama mtu anayelipa.

Ami akaomba kalamu.
Akachagua nyekundu, akairudisha, akashika ya kijani.
Katika chumba kitupu akaandika: Mimi.
Akakifuta kwa kiganja. Akaandika: Ufunguo.
Kiganja kikabaki kijani hadi adhuhuri.

Jumatatu fundi wa Mwembe Tayari alichonga wa pili
kwa shilingi mia na hamsini.
Ami akauweka juu ya daftari langu
akaenda zake kuangalia tanuri.

Wiki hii zimerudi boflo tisini na moja.
Bi Nyevu kaandika kwenye ripoti: maendeleo.
Mimi saa nane usiku nasimama mlangoni mwa stoo,
nahesabu magunia kabla sijatoa hata moja,
nahesabu tena nikisha kufunga,
na sijui bado, katika vile vyumba vinne,
ningekiandika wapi kipande hiki cha chuma
kinachonichoma paja ndani ya mfuko wa dera.