Ameshuka Bondeni

Jina lake halisi nimelijua juzi,
nina miaka arobaini na moja, mvi mbili kidevuni,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Sisi Newala tulimwita Bati Jekundu.
Karatasi ya kaseti ilikwisha kubanduliwa
na mtu aliyekosa cha kusokotea tumbaku.

Kiingilio kwa Mfaume kilikuwa konzi mbili za korosho ghafi.
Tulilipa kwa za wizi,
mifuko ya kaptura imetoboka,
tukidondosha njia nzima kama mbuzi.

Jenereta likikohoa nyuma ya banda,
Mfaume, kipaza sauti mkononi, muhogo mbichi shavuni,
akatutafsiria.
Alisema: hawa wa buluu wamefunga bomba.
Alisema: Bati Jekundu anadai zamu yake.
Alisema: lile lenye pembe ndilo bwana mizani,
linawaibia watu kilo.
Tukazomea hadi kuta za mabua zikatikisika.
Nani angejua kuwa lugha ile haijui hata neno?

Mwenye Bati wa plastiki alikuwa mmoja tu,
Gaudensi, mtoto wa karani wa chama cha msingi.
Goti moja lilikuwa limelegea.
Kumshika, ulimbebea Gaudensi ndoo yake siku tatu.
Mimi nilibeba sita.
Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Wangu nilimuunda kwa makopo ya nyanya,
magoti ya kandambili,
kifua cha mfuko wa salfa ulionichoma macho wiki nzima.
Mama akauliza, unalia nini?
Nikasema, vita.

Kisha ile siku.
Bati Jekundu akaanguka kifudifudi, wakamgeuza,
taa za macho zikazimika, moja, halafu ya pili.
Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike baba.
Mfaume akanitazama. Naapa alinitazama.
Akapunguza sauti ya runinga:
*Hajafa huyu. Ameshuka bondeni kuchota maji.
Kilima mnakijua wenyewe.
Msimhesabie saa.*

Juzi picha ni safi, na lugha naielewa.
Hakuna bomba. Hakuna zamu.
Wanagombea kijiwe kinachong'aa, basi,
na kila anayeingia hujitangaza jina, rangi na silaha
kama mchuuzi wa mnadani.
Nimesoma kisa chake: kiwanda kilikuwa na mtindo mpya,
wa zamani akatakiwa apishe rafu.
Wakamuua kwa hesabu ya stoo.
Mimi sasa ni mtunza ghala. Hesabu hiyo naifunga kila mwezi,
sijawahi kuilalamikia.
Nikamsogeza karibu, nikaona mchoraji hakusahau
mstari wa kiungo shingoni,
pale plastiki inapokunjikia.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kicheko hakikufika mbali.

Leo Somoe, miaka saba, kaja na kikombe chake cha uji,
kakaa juu ya mguu wangu bila kuomba.
Nimemtafsiria tangu mwanzo kwa tafsiri ninayoijua mimi,
bomba, zamu, bwana mizani,
naye kamzomea mwenye pembe hadi uji ukamwagika.
Nje watu wanapita na madumu;
bomba la mtaa linakoroma upepo, siku ya nne.

Jicho likazimika. Likazimika la pili.
"Kafa?"
Kidole gumba kilikwisha kufika kwenye sauti.
Nilimkumbuka mtoto aliyekaa ukingoni mwa kilima,
jioni ngapi sijui,
akitazama kila kichwa kinachopanda na ndoo.

"Kafa," nikasema.

Akanywa uji. Akafikiri. Akajifuta mdomo kwa shati langu.
"Sasa dumu lake kalichukua nani?"

Nikarudisha picha nyuma,
kumtazama mikononi.